Pasi ya Kulehemu na Saa ya Mama

Nyumbani kwangu kuna pasi nne, na ya nguo ni moja tu. Tatu zilizobaki ni za kulehemu, zile za kuyeyusha risasi na kushikisha waya. Mume wangu akipata mgeni humfungulia kabati amwoneshe. "Wake za watu wanaweka bilauri na sahani za maua," humwambia, "wangu anaweka hivi." Mgeni hucheka kwa adabu, nami huenda kuandaa chai.

Mimi ni mshoni. Chumba changu cha kazi kiko ghorofani, Mji Mkongwe, na dirisha lake linatazamana na dirisha la jirani kwa ukaribu wa kupokezana bakuli. Uchokonozi wangu ulianza na cherehani. Pedali ya umeme iligoma siku ambayo nilikuwa na nguo za harusi mezani, fundi akasema anakuja kesho, na hiyo kesho yake sikuiona. Nikaifungua mwenyewe. Kumbe ndani ni vitu vichache tu, na kimoja kilikuwa kimejaa nyuzi na vumbi la miaka. Nikakisafisha, nikafunga, ikaenda. Tangu siku hiyo kitu chenye skurubu hakipiti mbele yangu salama. Nimefungua tochi, redio, feni ya mezani, na mizani ya jikoni ambayo haikuwa na ubaya wowote. Vingi nimevifunga vikiwa vimekufa kama nilivyovikuta, lakini nilikuwa nshaona ndani, na kwangu mimi kuona ndani ni nusu ya raha.

Ila pasi ya kulehemu nilikuwa sina. Haja yake ilikuja pale saa ya mama iliponyamaza.

Ni saa ya mezani, ya plastiki ya kijani, imefanywa umbo la msikiti, na mnara mmoja umevunjika ncha. Baba alikuja nayo kutoka hija, mimi nikiwa nshaolewa zamani na niko mjini. Kila ukifika wakati wa sala huadhini yenyewe, kwa sauti kubwa kuliko umbo lake. Baba alifariki mwaka jana, baada ya Idi. Miezi michache mbele saa nayo ikakata sauti. Namba zilikuwa zikienda kama kawaida, lakini adhana haitoki.

Mama anakaa Makunduchi. Akanipigia simu.

"Saa ya baba yako haisemi."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya mgonjwa. Nikamwambia, "Mama, msikiti uko nyuma ya jiko lako. Spika yake inatikisa masufuria."

"Najua."

"Na hiyo simu uliyoshika nayo inaweza kuadhini. Nnakuja kukuwekea."

"Simu simu, saa saa. Nataka iseme kabla ya Ramadhani."

Ifahamike kwamba mama yangu si mtu wa kutaka. Ukimuuliza umletee nini kutoka mjini, atakwambia njoo salama. Mwaka mzima ukipita bila ya kuomba kitu, basi kimoja akikiomba kinakukaa shingoni. Na hii ilikuwa inakuja Ramadhani yake ya kwanza bila ya baba. Sikuelewa anaitakia nini saa yenye mlio wa plastiki na msikiti mzima uko mlangoni, lakini nilielewa kwamba anaitaka, na kwamba mimi ndiye aliyeambiwa.

Nikaja nayo mjini nikaipeleka kwa fundi mmoja Darajani. Akaipindua mara moja, hata bisibisi hakuigusa. "Hii tupa, mama. Mpya zimejaa tele." Kwa hesabu yake alikuwa na haki, nani atapoteza asubuhi kwa kitu kama kile? Lakini nilighadhibika kana kwamba amemtukana marehemu. Nikaitia saa yangu mkobani, nikaondoka bila ya kuaga, na hiyo si tabia yangu.

Nyumbani nikaifungua. Tatizo lilikuwa wazi kama mchana: waya mwekundu wa kwenda kwenye spika umekatika, ncha yake imeliwa na kutu ya kijani. Hewa ya chumvi kwetu inakula kila kitu, mabati, miwani, hata zipu za magauni yangu. Waya mmoja tu. Nikaubana na kidole pale mahali pake, nikabonyeza kitufe cha kujaribia, saa ikatoa nusu ya neno, ikakwaruza, ikanyamaza.

"Tia selotepu," akasema mume wangu.

Nikachukua mkoba wangu.

Nikaenda kununua pasi ya kulehemu, na hapo ndipo nilipojua kwamba dunia ina pasi nyingi na kila muuzaji ana yake anayotaka iondoke dukani. Wa kwanza alinipa kubwa, mpini wa mbao, wati sitini, hakuna cha kupunguza wala kuzidisha. "Hii kiboko," akasema. "Hii inayeyusha chochote." Nami nikaona hiyo ndiyo sifa. Plagi yake ina vijiti viwili vya mviringo, soketi za kwetu zina matundu matatu ya mraba, kwa hivyo nikanunua na adapta, na adapta ikawa inachezacheza kila nikigusa waya. Waya wenyewe ulikuwa mkavu, mgumu kama mwaa wa kusukia mikeka ambao haujarowekwa. Unaupeleka mkono kushoto, waya unaurudisha kulia.

Kwa bahati nzuri sikuanza na saa. Nilikuwa na redio mbovu, nikatoa bodi yake nikasema nijizoeze hapo kwanza. Pasi ilipopata moto nikaiweka juu ya bodi kama ninavyoweka pasi ya nguo juu ya kola, yaani kwa kukandamiza na kungoja. Moshi ukapanda. Nilipoinua mkono, ile njia nyembamba ya shaba iliyochorwa kwenye bodi ikabanduka ikanifuata, kama ngozi ya kiazi kilichochemka.

Jirani akatokeza kichwa dirishani kwake. "Jirani, unaunguza nini?"

"Uji."

"Uji wa nini huo?"

Nikafunga dirisha. Nilikaa nikiitazama ile bodi kwa hofu, kwa sababu pale pangeweza kuwa ndani ya saa ya baba. Njia ikishabanduka hairudi. Ningemrejeshea mama ganda la msikiti na samahani. Nikaichomoa pasi, nikaiweka juu ya sakafu ipoe, na mpaka leo pana doa jeusi ambalo mkeka unalifunika.

Kosa langu lilikuwa la mshoni. Sisi tunajua joto kwa kitambaa: kitani kinataka moto, hariri inataka huruma, na pasi ya nguo ina kigurudumu cha kuchagulia. Na mimi niliyewafukuza wasichana wangapi wa kazi kwa kuunguza hariri, nilikwenda dukani nikanunua pasi isiyokuwa na kigurudumu kwa sababu muuzaji kaniambia ni kiboko. Nilijicheka mwenyewe, ila si siku ile.

Pasi ya pili nilitoka nayo duka la simu huko Amani. Hii ilikuwa kinyume chake kabisa. Ndogo, nyembamba kama kalamu ya wanja, inatumia chaja ya simu. Nikaipenda nilipoiona. Mume wangu pia aliipenda, akasema hii angalau inaingia kwenye pochi. Inapata moto upesi, na kwa waya mwembamba kama unywele haina taabu. Lakini waya wa spika una unene wake, na kila nikiugusa, ile ncha ndogo inamaliza joto lake lote papo hapo. Risasi haitandi. Inakaa kidonge juu ya waya kama tonge la ugali, ukivuta linatoka zima. Nikabadilisha chaja, nikachukua ya mume wangu iliyo kubwa zaidi, hali ikawa bora kidogo, na yeye akakosa simu mchana kutwa. Hiyo ninayo bado na ninaitumia kwa vitu vidogo. Sikuitupa, lakini sikuiamini kwa kazi ya mama.

Mama akapiga simu tena. "Iko wapi saa?"

"Iko kwangu, mama. Pasi mbili zimenishinda, natafuta ya tatu."

"Irudishe. Hata ikiwa bubu ikae mahali pake."

Nikairudisha Makunduchi vile vile. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaiweka juu ya kimeza chake chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala baba. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Safari ya tatu nilikwenda dukani nikiwa mtu mwengine. Nilikuwa nshajua ninachotaka na nilikuwa na hasira za kutosha kukisema. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alianza na sanduku kubwa lenye skrini na mirija. Akaniuliza, "Unafungua karakana, Bi mkubwa?"

"Nna waya mmoja."

"Waya mmoja?"

"Mmoja. Na baadae huenda wa pili. Nataka yenye kuchagua moto. Nataka waya wa plagi ulio laini. Ncha yake iwe inatoka, na wewe uwe na ncha nyengine hapo dukani, si unambie ziko njiani."

Akanitazama upya, akaenda nyuma. Alirudi na pasi ya kawaida tu, ukubwa wa kati, ina kigurudumu kwenye mpini cha kuongeza na kupunguza joto. Plagi yake ya matundu ya kwetu. Nikaushika waya wake nikaukunja, ukakunjika kama utepe. Nikauliza ncha. Akatoa kipaketi: moja kali kama sindano, moja bapa kama bisibisi ndogo, na nyengine zimekatwa mshazari. Nikataka anioneshe ile bapa, kwa sababu nilikuwa nshajifunza kwa machungu kwamba ncha ya sindano inapendeza macho lakini haina pa kukalia. Bapa inalala juu ya waya na joto linapita. Nikachukua na stendi ya kuiwekea, kisponji cha kulowesha, na risasi nyembamba iliyo na dawa yake ndani.

"Umesomea wapi haya?" akaniuliza.

"Nimeunguza sakafu," nikamjibu, na yeye akadhani natania.

Tangu hapo watu huniuliza. Mshoni mwenzangu aliyetaka kutengeneza taa ya cherehani yake, shemeji yangu mwenye spika za gari. Nawaambia kama nilivyomwambia yule kijana. Wewe si fundi wa kutwa, usinunue mtambo. Lakini usinunue na ile isiyo na kigurudumu, maana anayetumia mara moja moja ndiye anayehitaji kupunguza moto. Mkono wake mzito, anakawia. Na ukimaliza, ipake ncha risasi kidogo kabla ya kuiweka kabatini, la sivyo chumvi ya hewa yetu itaikuta tupu na utakapoitaka tena itakuwa nyeusi haishiki kitu. Wengine hunisikiliza. Shemeji yangu amenunua kiboko.

Nilifika Makunduchi siku ya mwisho ya Shaabani, pasi yangu ndani ya kikapu chini ya mikate. Mume wangu alikuja nami, tulikuwa tumeamua kufunga siku ya kwanza na mama ili asifutari peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nayo?"

Nikaweka meza karibu na dirisha. Mama akavuta kigoda akakaa ubavuni mwangu. Nikataka mume wangu anishikie ule waya mwekundu, mama akamsogeza kwa kiwiko. Akachomoa kibanio kichwani mwake, akaubana waya kwa kibanio cha nywele. Nikaikwangua kutu mpaka shaba ikang'aa. Nikashusha kigurudumu chini ya kati, nikangoja. Nikapaka waya risasi, nikapaka na pale mahali pake, kisha nikavikutanisha na kugusa. Ikayeyuka, ikang'aa, ikatanda. Nikaondoa pasi.

"Usiachie," nikamwambia mama.

"Siachii."

Risasi ikaganda. Nikauvuta waya, hautoki. Nikairudisha betri, namba zikaanza kupepesa, maana zote zilikuwa zimefutika. Nikatia saa na tarehe kutoka kwenye simu yangu. Palikuwa na mambo mengine ya kuchagua yaliyoandikwa Kiarabu kidogo kidogo, nikayapita. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia.

Sauti ikajaa chumba. Mume wangu akapiga makofi. Mimi nilifurahi mpaka nikahisi machozi, sijawahi kufurahi hivyo hata kwa gauni la biharusi. Mama alirudisha kibanio kichwani, akainuka, akaenda jikoni, na tukamsikia anaosha chungu ambacho nilikuwa nshakiosha.

Kesho yake tukafunga. Jioni tukatandika mkeka chumbani kwa mama, kwa amri yake, mbele ya kile kimeza. Palikuwa na uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, kaimati, na samaki wa kukaanga. Tende katika sahani ndogo katikati. Mume wangu alikuwa na njaa ya mtu aliyefunga siku ya kwanza, hana habari na mtu.

Saa ikaadhini. Kwa sauti safi, bila ya mkwaruzo. Mume wangu akasema bismillahi na tende ikafika kwenye meno.

"Weka," akasema mama.

Akaganda, mdomo wazi.

"Weka chini. Bado."

Nikatazama nje. Jua lilikuwa bado limeshika ukuta wa jirani, na kuku wanazunguka uani hawana wazo la kulala. Nikachukua simu. Magharibi ilikuwa bado kwa dakika kadhaa. Nimeitengeneza saa ya baba inayosema uongo, nikataka kuwafuturisha watu mchana. Nikajivuta mpaka kwenye kimeza, nikaipindua, nikaanza kusoma yale maandishi madogo niliyoyapita jana. Hapo ndipo nikaona: miji yote imo humo, kila mmoja na namba yake, na saa inafuata wakati wa Makka. Unguja ina namba yake, haijachaguliwa.

"Nimeona kosa," nikasema. "Nisamehe, mama. Nilisahau mji. Ngoja niibadilishe, ni jambo dogo."

"Iache."

"Iko Makka, mama."

"Ilikuwa Makka siku zote." Alikuwa ameshika tende yake mkononi, ametulia. "Imetoka kule na huyo baba yako hakujua kuibadilisha. Akibonyeza, inazima taa. Mwisho akaiacha. Msimu mwengine inatangulia, mwengine inachelewa mpaka tushasali, anaifokea."

Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa bado nimeishika saa.

"Sasa ulikuwa ukiitakia nini?" nikamuuliza.

Akaigeuzageuza tende kabla ya kujibu. "Kutwa yeye shamba, mimi jikoni. Ramadhani ndiyo zaidi. Ikiadhini hii, anakuja anakaa hapo ulipo. Mimi nshapika, sina cha kukoroga. Yeye hana pa kwenda. Hatuli, tunangoja msikiti. Basi tunazungumza." Akaitazama ile saa yenye mnara uliovunjika. "Nyumba ilikuwa kimya sana, mwanangu. Nikasema Ramadhani sitaiweza."

Nikaiweka saa mahali pake, taratibu, na namba ya Unguja sikuigusa. Nikakaa pale pale aliponionesha. Mume wangu akarudisha tende yake sahanini, kisha akaichukua tena, akaishika tu kama sisi.

Mama akanigeukia.

"Haya," akasema, "nambie. Hizo pasi nyengine mbili zilikuwa na ubaya gani?"

Nikaanza na kiboko. Nilikuwa sijafika kwenye uji wa jirani, mama anacheka mpaka anashika ubavu, msikiti wa nyuma ya jiko ukaadhini na masufuria yakatikisika.